Udongo unapoanza kutembea: maneno yaliyosemwa Banalia kwa wachimbaji na wenyeji wa kando ya Aruwimi

Tunaweka hapa maneno yote jinsi yalivyosemwa, sababu wengi waliokuwa kwenye machimbo siku ile wameomba kuyasoma.

Wapapa, wamama, wandugu wachimbaji, na ninyi wanafunzi mulioruka masomo ya leo (tumewaona, hatutamwambia direkta): jambo kwenu wote.

Hatukuja kuomba kura, na hatuna chumvi wala sabuni ya kugawa. Tumekuja kusema juu ya udongo. Udongo huu huu tunaoukanyaga, tunaojengea nyumba, tunaochimba tukitafuta dhahabu na almasi, na ambao wakati mwingine unatufunika mbele ya saa yetu kufika.

Kila mara shimo linapoanguka hapa kwetu, kuko maneno mawili yanasemwa. La kwanza: "Ni Mungu alipanga." La pili linasemwa kwa sauti ya chini: "Kuko mtu alitoa ndugu yake juu ya dhahabu." Yaani PDG wa shimo aliuza damu ili shimo litoe. Mimi sikuja kubishana na imani ya mtu. Lakini mbele ya kuingia movema hii niliingia shimo miaka miwili, na ninawaambia nilichoona kwa macho. Siku shimo letu lilipoanguka, tulikuwa tumeona ufa kwenye mdomo wake tangu siku tatu. Ufa wa upana wa kidole. Asubuhi tunauruka tukiingia, magaribi tunauruka tukitoka. Mwenye shimo alisema: "Masta, mumalize kwanza changarawe hii, kesho tutaona." Usiku wa siku ya tatu mvua ikanyesha, asubuhi tukaingia tena, na upande mzima ukashuka. Leki yetu mmoja alibaki chini mpaka saa tisa. Walimtoa mzima, mguu umevunjika fasi mbili, na leo anauza uniti za simu kwa sababu hawezi tena kubeba kitu kizito. Pale sikuona ndoki. Niliona ufa, niliona mvua, na niliona mtu mwenye haraka ya franga. Na niliona vijana sita ambao hakuna hata mmoja alisema hapana, mimi nikiwa kati yao.

Ndiyo maana niko hapa.

Sasa tuseme juu ya udongo wenyewe. Kilima kinavutwa chini usiku na mchana, hata wakati wa jua kali. Kinasimama kwa sababu punje za udongo zinashikana na kusuguana, na mizizi inafunga kila kitu kama kamba. Wamama wanajua jambo hili kuliko injinia. Chukua unga wa fufu, uweke maji kidogo, uufinyange: unasimama. Ongeza maji, ongeza tena: unalala, halafu unatiririka. Ni unga ule ule. Udongo wa kilima unafanya vile. Maji kidogo yanaushikisha. Maji mengi yanauongezea uzito, na tena yanaingia kati ya punje, yanazisukuma mbalimbali, mpaka hazisuguani tena. Pale kilima hakina kitu cha kukishika.

Hapa kwetu mvua inapita milimita 1,600 kwa mwaka, na miezi ya Septemba mpaka Novemba ndiyo inamwaga zaidi. Chini yetu kuko jiwe la mchanga la zamani sana ambalo wanajeolojia walilipa jina la fasi yetu hii, arkozi ya Banalia. Jina letu liko kwenye vitabu vya Ulaya, sisi wenyewe hatujui! Juu ya mawe kama hayo, joto na mvua vimeozesha tabaka moja nyuma ya lingine, na udongo unaotoka pale unaonekana mgumu wakati wa kiangazi, unaweza kuukata wima kama ukuta wa nyumba na ukasimama. Ugumu ule ni wa kudanganya. Ukuta ambao ulisimama mwezi wa pili si lazima usimame mwezi wa kumi.

Kitu cha pili ni mguu wa kilima. Ukikata mguu wa mtu aliyesimama, ataanguka hata kama kichwa chake ni kizima. Mtu anayekata kilima nyuma ya nyumba ili apate uwanja anakata mguu. Njia inapochongwa kando ya kilima, mguu unakatwa. Sisi wachimbaji njo tunakata kuliko wote: tunafuata changarawe pembeni, tunaingia chini ya ukuta kama panya, juu tunaacha mita sita, mita kumi za udongo zinaning'inia. Na udongo tuliotoa tunauweka wapi? Pale pale kwenye mdomo, juu ya vichwa vyetu, kwa sababu hakuna anayetaka kubeba mfuko mita ishirini zaidi. Kwa hiyo tumekata mguu na tumeongeza mzigo kichwani. Mvua inakuja kumaliza tu kazi tuliyoianza.

Niseme pia juu ya ngambo ya mto, maana ninaona wavuvi pale nyuma. Wengi wanafikiri ngambo inaanguka wakati Aruwimi inapanda. Si vile kila mara. Maji yakiwa juu, yenyewe yanaegemea ukingo na kuushikilia, kama mtu anayeegemea mlango. Hatari kubwa inakuja yanaposhuka haraka: ukingo umejaa maji ndani, ni mzito, na yule aliyeushikilia ameondoka. Ndiyo maana nyumba inaweza kupita mafuriko yote ikiwa imesimama, watu wanashukuru, wanarudisha vitanda ndani, na juma linalofuata ukingo unaingia mtoni pamoja na jiko. Dragi zinapochota katikati na kumwaga mchanga kwa vilima mtoni, maji yanatafuta njia nyingine, na njia ile mara nyingi inapiga ukingo wa kijiji. Papa mvuvi anaweza kuwaambia mkondo ulikuwa wapi miaka kumi iliyopita na leo uko wapi. Mumuulize.

Kuko tena aina nyingine, ile ya udongo kuzama. Pale hakuna kilima. Ni uwanja sawa, watoto wanacheza mpira, na siku moja shimo linafunguka. Watu wanasema limetokea ghafula. Hapana, lilianza chini zamani, ni ngozi ya juu tu iliyokuwa bado. Fasi zenye mawe ya chokaa, maji yanayala polepole mpaka yanaacha pango. Katika tabaka za zamani ambazo wanajeolojia walizipa jina la mto wetu Lindi kuko pia mawe ya aina hiyo. Lakini tusimtafute mchawi mbali. Kwetu pango nyingi zilichimbwa na mikono. Mahandaki ya zamani ambayo wenyewe walihama wakayaacha, miti iliyoshikilia paa imeoza, na juu yake leo kuko shamba, njia ya miguu, hata nyumba. Wazee wanajua walipochimba. Vijana wanaojenga hawaulizi. Choo cha zamani kilichofunikwa na mbao na udongo kidogo ni vile vile.

Na njia. Kutoka Kisangani mpaka hapa ni karibu kilometa 128 za RN4, na kila mtu wa moto au wa kamio anajua fasi anapofunga macho na kuomba. Chini ya njia kuko mabuzi ya kupitisha maji. Buzi likiziba au likipasuka, maji hayatulii, yanatafuta njia ndani ya udongo wa barabara, yanabeba mchanga kidogo kidogo kila mvua. Juu unaona njia nzuri. Chini ni chumba kitupu. Siku moja kamio ya tani nyingi inapita, na udongo unakubali kuanguka. Dereva anasema: "Jana nilipita vizuri." Ni kweli alipita vizuri jana.

Mutaniambia: hii ni hadithi ya kutisha watu. Basi nitaje fasi na siku. Tarehe 11 Septemba 2020, Kamituga katika Kivu ya Kusini, mvua kubwa ilijaza mashimo ya dhahabu na kuyaangusha, vijana karibu 50 wakafa. Walikuwa wachimbaji kama sisi. Tarehe 4 Mei 2023 katika teritwari ya Kalehe, Bushushu na Nyamukubi, mito ilishuka na matope na mawe makubwa. Wafu walipita 400, na wengi hawakupatikana mpaka leo. Nyamukubi ilikuwa siku ya soko. Mwaka ule ule, usiku wa mvua wa Septemba, kilima cha Lisala kando ya mto Kongo kiliangukia nyumba zilizojengwa chini yake, watu angalau 17 wakafa wakiwa wamelala. Kule hakukuwa shimo la dhahabu, kulikuwa nyumba tu kwenye mguu wa kilima. Na Kinshasa, Desemba 2022, mvua ya usiku mmoja iliua watu zaidi ya 120, na barabara ya kwenda Matadi ikakatika. Mwaka 2025 watafiti wa kwetu na wa Ubelgiji walihesabu korongo za mmomonyoko 2,922 katika miji 26 ya Kongo. Mukifika Kisangani mutaona vijana wa mitaa wakijaza korongo na takataka na mifuko ya zamani. Ninawapenda kwa moyo wao, lakini takataka hazisimamishi udongo. Takataka zenyewe zinaanguka: Kiteezi, Kampala, Agosti 2024, kilima cha takataka kilifunika nyumba na watu zaidi ya 30 wakafa.

Sasa sehemu ambayo nataka muibebe kichwani, hata kama mengine yote mutayasahau. Udongo hausemi kwa kinywa, lakini unaonyesha.

Ufa ndio wa kwanza. Ufa kwenye mdomo wa shimo, unaokwenda sambamba na ukingo. Ufa kwenye kilima, ulio na umbo la mwezi mchanga. Kama upande mmoja wa ufa umeshuka chini kuliko mwingine, hata urefu wa kucha, kilima kimekwisha kuanza kutembea. Si kwamba kitatembea: kinatembea. Muangalie miti. Mti uliozaliwa wima na sasa umelala upande mmoja, pamoja na jirani zake, unaonyesha kwamba udongo chini umesogea. Muangalie nyumba: mlango uliokuwa unafunga vizuri na sasa unakwama, ufa wa ukuta unaopanda kwa mshazari kutoka pembe ya dirisha. Fundi atakuambia ni matofali mabaya. Inawezekana. Lakini kama nyumba tatu za mstari mmoja zina ufa ule ule mwaka ule ule, si matofali.

Maji nayo yanasema. Chemchem inayotokea fasi ambayo haikuwa. Kisima kilichokuwa safi kinachoanza kutoa maji ya udongo bila sababu. Na hii muiseme kwa watoto: kama mvua inanyesha na kijito kinashuka badala ya kupanda, msifurahi, msiende kuokota samaki. Kuko kitu kimekiziba kule juu, na kitu kile kitakuja. Kijito kinachobadilika ghafula kuwa matope mazito, ni vile vile. Kukimbia kunafanywa pembeni na kupanda juu, hakuna anayeshinda matope kwa kukimbia mbele yake.

Kwa udongo kuzama: dimbwi la mvua ambalo linapotea haraka wakati mengine yanabaki, sababu maji yamepata mlango chini. Duara kwenye uwanja inayolala chini kidogo kidogo. Nguzo za lupango zinazoinama zikielekea pamoja fasi moja. Mlio wa utupu unapopiga mguu au mchi. Pale mufunge na miti, muweke kitambaa chekundu, na mtoto asipite.

Ndani ya shimo dalili ni fupi zaidi. Mchanga mdogo na vijiwe vinavyoanguka peke yake, bila mtu kugusa. Ukuta unaotoka jasho la maji fasi ambayo jana ilikuwa kavu. Mti wa kushikilia unaolia. Mchimbaji wa zamani anaposikia mti unalia hasemi neno, anaacha koleo na anatoka. Vijana wanamcheka. Yeye yuko na wajukuu, wengi waliomcheka hawana.

Na kama umetoka, usirudi juu ya koleo, usirudi juu ya simu. Shimo likianguka, kila mtu anakimbilia mdomoni kuangalia. Ninaelewa, ni ndugu yako yuko chini. Lakini watu hamsini kwenye mdomo uliopasuka ni mzigo mpya, na kuanguka kwa pili kunachukua waokoaji. Watu wachache wachimbe, wengine wote warudi nyuma, na mmoja asimame mbali kazi yake ikiwa kuangalia ukuta tu na kupiga filimbi. Kila asubuhi timu iandike kwenye karatasi majina ya walioingia. Kuko mashimo ambayo yaliporomoka na hakuna aliyejua kama chini kuko watu watatu au wanane.

Ufa mnaweza kuupima. Haitaki mashini. Piga kijiti upande huu wa ufa na kingine upande ule, funga kamba, weka alama ya bic kwenye kamba. Kila asubuhi na kila nyuma ya mvua, angalia. Kama alama imesogea, siku ile hakuna anayeingia, hata PDG alie. Ufa mujaze udongo wa mfinyanzi na kuukanyaga, ili maji yasiingie, na mchimbe mfereji mdogo juu ili mvua ipite mbali. Ukuta mukate kwa ngazi, usiwe wima. Udongo wa kutoa mupeleke mbali. Ndiyo, utakula saa za kazi. Kwenye miteremko mupande mianzi au vetiva. Ndizi hazifai kwa kazi hii, mizizi yake ni mifupi na mti wenyewe ni mzito wa maji; ninasikitika kuwaambia, ninajua kila mtu anapanda ndizi nyuma ya nyumba. Na mianzi yenyewe tusiidai mambo makubwa: inashika ngozi ya udongo, haiwezi kushika kilima kizima kilichokatwa mguu.

Nimesema juu yetu. Sasa juu ya Leta, sababu hatutakubali mchimbaji abebe lawama yote peke yake. Sheria ya madini ya mwaka 2002, iliyobadilishwa tarehe 9 Machi 2018, inasema uchimbaji wa mikono unafanywa katika zone iliyopangwa, na kina kisipite mita 30. Hapa wangapi wanachimba katika zone iliyopangwa? Nani anashuka na kamba kupima hizo mita? SAEMAPE kazi yake katika jina lake ni kusaidia na kuongoza mchimbaji mdogo, si kupokea tu. Tunataka kuiona shimoni nyuma ya mvua, na si siku ya uzito wa dhahabu peke yake. Tunataka mashimo yaliyoachwa yajazwe, kuanzia yale yaliyo karibu na masomo, na njia ya wamama wa kwenda mtoni. Tunataka mabuzi ya RN4 yasafishwe mbele ya Septemba, maana kusafisha buzi ni kazi ya koleo na watu kumi, kutengeneza barabara iliyokatika ni kazi ya mamilioni na ya kungoja.

Kuko anayesema: "Yaya, tukiandika watafunga machimbo, tutakula nini?" Ni ulizo la kweli, na sitalijibu kwa mchezo. Mimi nilikula kwenye shimo, najua. Hatuombi wafunge. Tunaomba shimo linaloua lisimame siku tatu, wakati mengine yanafanya kazi. Kama kuko PDG hapa, na ninajua wako, mujue kwamba shimo lililoanguka halitoi hata gramu moja, na mukifunika watu munafunika pia motopompa yenu. Ninasema kwa lugha munayoielewa.

Katiba yetu, artikle 27, inampa kila Mkongomani haki ya kupeleka petisyo kwa mkubwa wa Leta, peke yake au pamoja na wengine, na mkubwa yule anapashwa kujibu ndani ya miezi mitatu. Tumeandika petisyo ya ukurasa mmoja kwa administrata wa teritwari, kopi kwa guvernera Kisangani. Ina mambo manne tu: mashimo ya kujaza, mabuzi ya kusafisha, zone za uchimbaji zitangazwe wazi, na mtu wa Leta apime kina. Iko pale chini ya mwembe, kwa mama anayeuza mandazi. Asiyejua kuandika aweke kidole, wino uko. Usiweke jina la mtu asiyekuwa hapa.

Na kesho asubuhi, saa kumi na mbili na nusu, tunaenda kupima nyufa za mashimo matatu ya upande wa barabara. Tuko na kamba. Vijiti tulete kila mtu vyake, virefu kama mkono, na mwenye bic nyekundu alete. Wazee wanaokumbuka fasi mahandaki ya zamani yalipopita, tunawaomba mtembee na sisi, hata polepole. Toleka iko ya kuwabeba.